Mfuko wa chakula umekatwa, njaa iko palepale, na siyo uroho

Njaa inarudi. Naanza na hili kwa sababu kila nikiingia mtandaoni nakuta mtu kaweka picha mbili, kushoto bonge, kulia kavaa gauni la kubana, chini kaandika operesheni ya kukata mfuko wa chakula imemmalizia kabisa tatizo la kula, afu kwenye komenti watu wanauliza bei tu. Hakuna anayeuliza mwaka wa pili unakuaje. Mi ndo niko huko mwaka wa pili. Nakaa Dodoma, nilifanyiwa operesheni hiyo Dar, aina inayoitwa slivu (hospitali siitaji, wala mada siyo hiyo), na kwa maoni yangu operesheni yenyewe ni nzuri, hata leo ukiniuliza ntakwambia fanya, ila inauzwa nusu. Unalipia kisu, kinachofuata baada ya kisu utajijua mwenyewe na mzani wako.

Nieleze kidogo kwa ambaye hajui. Kwenye slivu wanakata na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, kinabaki kitu chembamba kirefu kama ndizi. Ile sehemu wanayoitoa ndo kiwanda kikuu cha homoni inaitwa ghrelini, Wajapani waliigundua mwaka 1999, na moja ya kazi zake ni kuuambia ubongo kwamba muda wa kula umefika. Ndo maana miezi ya mwanzo unakuwa mtu wa ajabu, harufu ya kitimoto inapita puani we wala hushtuki, mi nilikuwa naweka alamu kwenye simu ili nikumbuke kula. Sasa mtu anadhani ndo ameshapona. Kumbe mfuko wa chakula haufanyi kazi hiyo peke yake, kuna leptini nayo, inatoka kwenye mafuta ya mwili na inauambia ubongo tulia, akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini inapungua, ubongo unaona stoo inaisha unaanza kupiga kelele, na mwili wenyewe unabana matumizi. Mwili haujui kwamba ulikopa ukalipa mamilioni ili upungue, unachojua ni kwamba kuna njaa nchini. Na hapa Ugogo njaa siyo hadithi, wazee wanaijua Mtunya, ile njaa ya wakati wa Vita ya Kwanza mpaka kama 1920, vita vimechukua watu na chakula na mvua nayo ikagoma. Mwili unaong'ang'ania akiba ndo uliowavusha waliovuka. Leo huohuo ndo tunautukana kwamba ni mwili mroho.

Ila siyo kila kinachouma pale chini ya kifua ni njaa, na hili lilinichukua muda kulijua. Asidi ikizidi baada ya slivu (na inazidi kwa watu wengi tu) inakung'ata hivyohivyo kama njaa, unakula, inatulia dakika kumi, inarudi, unakula tena. Nilipopewa dawa ya kupunguza asidi nusu ya ile njaa ikapotea, yaani nilitamani kulia kwa hasira. Kiu nayo ipo, hasa kwa hili jua la Dodoma na upepo wake mkavu, na ukizingatia hatutakiwi kunywa maji pamoja na chakula, inabidi usubiri kama nusu saa, basi unajikuta jioni umekunywa vikombe viwili siku nzima. Halafu kuna ile njaa ya hamu, ya kichwani, hiyo hakuna daktari aliyewahi kuikata. Na baada ya kuzitoa hizo zote inabaki njaa yenyewe kabisa, ya kweli, tumbo linanguruma kwenye kikao watu wanageuka.

Na vikao ndo maisha ya mji huu. Ukifanya kazi Mtumba kwenye mji wa Serikali au ofisi yoyote hapa unajua chai ya saa nne ilivyo, supu, chapati, mayai, soseji, maandazi, sambusa, hapo bado cha mchana hakijaja. Watu wanadhani aliyekatwa tumbo hawezi kula hivyo vitu. Anaweza, na ndo shida ilipo! Kifua cha kuku vipande vitatu nimejaa, nikilazimisha kinapanda. Lakini andazi ulilolichovya kwenye chai ya maziwa yenye sukari linateleza lenyewe, halikai, baada ya saa moja niko mweupe nataka lingine. Uji hivyohivyo, chipsi laini hivyohivyo, juisi, aiskrimu. Na samahanini sana ndugu zangu Wagogo, ugali kwa mlenda nao umo. Mlenda naupenda na siuachi, mume wangu ni wa huku na mama mkwe akija kutoka kijijini anakuja na mlenda wake mkavu na unga wa uwele, nikatae vipi? Ila tonge la ugali lililopakwa mlenda halihitaji hata kutafunwa, linapita kwenye huu mfuko wangu mpya kama halijaingia. Kwa hiyo naanza na nyama au mayai au maharage mpaka nione dalili ya kushiba, ndo namalizia na matonge mawili ya heshima. Mama ananiangalia anasema, "Mwanangu, hilo tonge unampelekea ndege?" Tunacheka yanaisha.

Protini wanataka upate gramu 60 mpaka 80 kwa siku. Kuitamka rahisi. Yai moja lina kama gramu 6, ukitaka kuzipata 60 kwa mayai tupu ni mayai kumi, kwenye tumbo la ndizi! Ndo maana kila mlo ukianza na wanga umeshapoteza nafasi. Nyama ya Msalato mnadani inasaidia, dagaa wanasaidia, maziwa mtindi yasiyo na sukari, karanga kidogo (karanga za hapa ni tamu mno, huwezi kuishia kidogo, basi mi sinunui za kukaa nyumbani). Zabibu nazo, ni tunda letu, lakini sukari yake siyo ya mchezo. Mvinyo ndo kabisa, baada ya hii operesheni pombe inapanda haraka kuliko zamani, glasi moja kwenye harusi ukasimama kutoa zawadi unaongea usiyopanga.

Sasa hili la mzani kugoma. Mzani unagoma mara mbili na ni vitu viwili tofauti. Kuna ule wa wiki za mwanzomwanzo, umepungua kwa kasi afu ghafla kimya, wengi unawapata kama wiki ya tatu hivi, wanachanganyikiwa wanadhani wameharibu mshono. Hapo mwanzo kinachoondoka kwa wingi ni sukari ya akiba iliyoko kwenye ini na misuli pamoja na maji yake, ikiisha kasi inashuka, unavumilia wiki chache mzani unaendelea. Huo hauna neno. Wa pili ndo wangu, wa mwaka na kitu, mzani umesimama na njaa imerudi kwa pamoja, na huu unahitaji hesabu ambayo nilitakiwa kupigiwa kabla sijasaini ile fomu.

Slivu kwa kawaida inashusha kama robo ya uzito wote, wengine wanapita hapo, wengine hawafiki, na sehemu kubwa inashuka kwenye mwaka wa kwanza mpaka mwaka na nusu. Mi niliingia na kilo 128. Robo yake ni 32. Toa, inabaki 96. Mzani wangu umegoma kwenye 97. Yaani siyo kwamba nimefeli, niko palepale operesheni inapowafikisha watu! Kwa urefu wangu wa sentimita 162 nilitoka BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya karibu 49 nikaja karibu 37, kwa kitabu bado naitwa mnene, na kwa kitabu hichohicho operesheni imefanikiwa. Presha imeshuka, dozi nimepunguziwa, ngazi za ofisini napanda naongea na simu. Lakini kichwani nilikuwa na namba 70 kwa sababu picha za mtandaoni ndo zinaonyesha 70, na hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyechukua kalamu akanifanyia hiyo hesabu ya darasa la nne.

Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 kuanzia 1987, nusu walipasuliwa nusu hawakupasuliwa. Waliopasuliwa walishuka sana mwaka wa kwanza, wakarudisha kiasi miaka iliyofuata, afu wakatulia. Hata hivyo majibu yaliyotoka 2007 yalionyesha vifo vilikuwa pungufu kwao kwa karibu asilimia 30. Wengi wao walifanyiwa aina za zamani siyo slivu, lakini mchoro ni uleule, unashuka, unapanda kidogo, unakaa. Kwa hiyo kurudisha kilo chache ni jambo linalotarajiwa, na ukilijua mapema unajipanga badala ya kujificha.

Maana watu wanajificha jamani. Mwanzoni unapungua mtaa mzima unanong'ona una ngoma, ukigoma kupungua wifi anakuuliza mbele za wageni, "Sasa wifi, hela zote zile ulikatwa nini?" Hayo ya nyumbani nayamudu. Yanayoniudhi ni ya kliniki. Nilienda kwenye marudio nikasema nina njaa, nesi hata hajaniuliza nakula nini wala saa ngapi, akasema, "Dada punguza mdomo." Nikakaa miezi bila kurudi. Na niko kwenye grupu la WhatsApp la waliofanyiwa, ukisoma mle unaona wengi wameacha kliniki kwa sababu hiyohiyo, mtu anaona aibu kwenda kupimwa uzito uliopanda, na akiacha kliniki hapimwi damu, vitamini B12 inashuka, madini ya chuma yanashuka, nywele zinakatika, anachoka, hatembei, uzito unapanda zaidi. Treni ya umeme imeturahisishia, unaenda Dar asubuhi jioni uko nyumbani, lakini nani apande treni kwenda kusemwa?

Wakishaacha kliniki ndo wanaangukia kwenye chai za kukata kitambi, ambazo nyingi ni za kuharisha tu, unapoteza maji na madini mwili ukiwa tayari haunyonyi vizuri. Siku hizi pia kuna sindano za kupunguza uzito zinauzwa insta, muuzaji hana hata jina. Sizipingi sindano zenyewe, semaglutide ni dawa ya kweli, Marekani waliiruhusu kwa unene 2021, na kuna madaktari wanaowapa wagonjwa waliorudisha uzito baada ya operesheni. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na kufuatiliwa, siyo ya kuletewa na bodaboda kwenye mfuko wa rambo.

Ninachotaka ni kidogo. Bei ya operesheni iwe na miaka miwili ya kliniki ndani yake, vipimo vya damu na mtaalamu wa lishe anayejua mlenda ni nini, siyo yule anayekupa karatasi ya brokoli na samaki wa salmoni ukiwa unanunua mboga soko la Majengo. Wanaotoka mikoani wapigiwe simu, siyo lazima kila kitu ni safari. Na kabla mtu hajasaini apigiwe ile hesabu ya robo kwa kilo zake yeye, mbele ya mume au ndugu atakayeishi naye, ili mwaka wa pili njaa ikirudi nyumba nzima iwe inajua kwamba ilitajwa. Mi wiki ijayo narudi, nimeshapata daktari mwingine, ntaomba wapime chuma na B12 na waangalie hii asidi, na nikiambiwa tena nipunguze mdomo ntamuuliza anamaanisha kula au kuongea.