Mboga ya Jero, Kazi ya Siku Nzima

Jamani, mchicha ndio uliotudekeza. Osha, kata, kitunguu, nyanya, dakika 5 umeiva. Sasa mwanamume katumwa sokoni, mchicha hauoni, mbele yake mafungu ya majani asiyoyajua hata kwa sura. Anauliza, "Mama, hii inapikwaje?" Anajibiwa, "Kama mchicha tu, baba."

Uongo mtupu!

Chukua majani ya maboga. Jero, yaani shilingi mia tano, fungu limejaa mkono, unaona umepata. Fika nalo nyumbani. Kila kikonyo kimevaa nyuzi zenye vinyweleo vinavyochoma. Unavunja ncha ya kikonyo, unashika uzi, unauvuta kuelekea kwenye jani mpaka uachie, halafu unageuza upande wa pili. Jani moja hilo! Ukifanya uvivu ukakata hivyo hivyo, watu watakula ugali huku wanachomoa kamba mdomoni kama wametafuna kiroba.

Kisamvu ndiyo usiseme. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi, kwa hiyo kinu si pambo la ukutani. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu, kuchemsha sufuria ikiwa wazi ndiko kunakoitoa na mvuke. Wewe unafunika eti unaokoa gesi! Saa nzima inakatika, karanga na tui bado havijaingia. Na kuna kisamvu cha mpira, jani la mti mrefu ulio ndugu na muhogo. Anayelisikia jina mara ya kwanza hudhani anauziwa tairi.

Mgagani na mchunga ni ugomvi wa uchungu. Zahanati wanasema usimwage maji ya mboga, vitamini zinakwenda nayo. Sawa, usimwage, watoto wakuangalie kama umewapa mwarobaini. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha mgagani utie maziwa, mchunga utie tui zito. Vitamini zitakazobaki zinatosha, bwana.

Halafu mlenda. Katakata laini kabisa, maji kikombe kimoja, bamia 2, ngogwe 3, na magadi ncha ya kijiko. Ncha, nimesema! Yakizidi unakula sabuni. Usifunike, maana povu litapanda lizime jiko na sakafu igeuke uwanja wa kuteleza. Na kuula nako kuna ufundi wake: ukichovya tonge, lizungushe mara moja ukate ule uzi, la sivyo utaunganisha bakuli na shati, tena jeupe la kazini.

Basi mwanamume kasimama pale na jero yake, kahesabu gesi, kahesabu kinu cha kuazima kwa jirani, kahesabu shati. Anauliza kwa unyonge, "Mama, mchicha unaingia lini?"

"Mchicha? Si huu hapa, baba. Nimeufunika gunia bichi usinyauke."