Mimi, Bekele na Jozi Arubaini za Gambuti

Halati yangu hafuati riadha. Hajui mbio za kupokezana vijiti ni zipi na za kuruka viunzi ni zipi, wala hataki kuelezwa. Lakini jina la Kenenisa Bekele, mkimbiaji wa Ethiopia, analijua vizuri, na kila likitajwa redioni huacha anachokifanya akanitazama mimi.

Kisa ni cha mwaka 2007. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika, ambayo miaka nenda miaka rudi Wakenya walikuwa wakiyafuata ugenini na kurudi na medali, safari hii yalikuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Na hayakwenda Nairobi! Yalikuja Mombasa, Jumamosi ya tarehe 24 Machi, kwenye uwanja wa gofu wa Mama Ngina, pale kando ya bahari. Sisi watu wa Pwani tumezoea wageni wa kuja kujianika ufuoni. Wageni wa kuja kukimbia juani kwa hiari yao, hao walikuwa wapya. Kwetu Kongowea kila mtu akaanza kuota pesa. Jirani yetu mmoja alihamishia watoto kwa bibi yao ili chumba akipangishe kwa Mzungu. Mzungu hakuja, na watoto wakakataa kurudi, maana kwa bibi kulikuwa na runinga.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sina kazi, lakini nilikuwa na kitu ambacho jirani hakuwa nacho: utafiti.

Mwaka 2001, nikiwa bado shuleni, nilikuwa nimeyaona mashindano hayo kwenye runinga ya mkahawa mmoja, yalipofanyika Ostend, Ubelgiji. Yalikuwa matope, si mchezo. Watu walitoka mle kama wamerudi kwenye mikoko kuchimba chambo. Humo humo kwenye matope ndimo kijana wa Kihabeshi wa miaka 18 aliposhinda mbio za vijana, akawaacha wenzake mbali wakihangaika kung'oa miguu. Kijana huyo ndiye Bekele. Mimi kijana sikumshughulikia sana. Nilichoshika ni matope, na tarehe: 24 na 25 Machi.

Sasa niambie, mtu mwenye akili angefanya hesabu gani nyingine? Mbio za nyika ni matope. Tarehe 24 Machi ni matope. Mji mzima utakwenda kutazama na viatu vyake vya Ijumaa. Nani atawauzia gambuti, vile viatu virefu vya mpira?

Halati alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, shilingi elfu sita. Nilimlainisha siku tatu. Nikamwahidi elfu tisa, mkononi, Jumapili asubuhi kabla ya chai. Nikaenda kwenye mitumba nikapata jozi arubaini za gambuti za kijani, mia na hamsini kila jozi, nzuri kabisa, nyingine bado zina udongo wa kwao Ulaya. Hata huo udongo niliuona kuwa ni dalili njema.

Mjomba, ambaye ni mvuvi, alinikuta uani nazipanga kwa saizi. Akauliza mafuriko yako wapi.

"Masika yaja, Mjomba."

Akalamba kidole, akakiinua juu, akakaa nacho hivyo kwa muda. "Kaskazi imekwisha. Kusi haijaanza. Haya ni malelezi, upepo umelala. Mvua ataileta nani?"

Nikamwambia ya baharini ni yake, mimi ninafuata mambo ya kimataifa. Akacheka mpaka akakaa kitako. Nikajua ni wivu.

Jumamosi asubuhi nikakodi mkokoteni na hamali wake, shilingi mia tatu kwenda na kurudi. Tulivuka daraja la Nyali jua likiwa limeshapanda, hamali mbele, mimi nyuma nasukuma, gambuti ndani ya magunia mawili zikianza kutoa harufu. Sijui kama umewahi kunusa mpira uliovaliwa na Wazungu ukipashwa moto taratibu. Kufika Tononoka hamali aliniambia niache kusukuma, nitembee mbele ya mkokoteni niwe nampigia upepo kwa kipande cha boksi. Kufika barabara ya Digo aliniambia nisimsemeshe.

Mama Ngina kulikuwa hakufikiki. Watu walikuwa wamejaa hadi chini ya mibuyu, wengine juu ya mibuyu, akina mama na buibui zao na miavuli, watoto mabegani, wauza mihogo, wauza achari, wauza kachiri. Anga lilikuwa jeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Hata jani halikutikisika. Nilitafuta wingu, hata moja la kusingizia, nikakosa.

Nikaegesha mkokoteni karibu na kamba, nikatandaza sampuli, nikaanza: "Gambuti! Gambuti za mbio, za matope, mia tatu tu!"

Bwana mmoja wa kanzu alisimama akazitazama. "Matope yako wapi?"

"Yaja."

Akageuka akautazama uwanja, majani makavu, vumbi kidogo kila mtu apitapo. Akanitazama tena. Hakusema kitu, lakini alinunua dafu kwa jirani yangu akanipa mimi, jinsi mtu ampavyo mgonjwa.

Huyo jirani yangu, muuza madafu, ndiye aliyenimaliza. Tuliegesha pamoja, kivuli kimoja. Kufikia mbio za pili panga lake lilikuwa halipumziki. Watu walisukumana kwake na pesa mikononi, wakakanyaga gambuti zangu ili wamfikie. Akaniomba nimsaidie kurudisha chenji. Nikasaidia. Kwa saa nzima mimi, mfanyabiashara wa kimataifa, nilikuwa karani wa madafu bila mshahara.

Mbio zenyewe nilizisikia zaidi ya kuziona. Wasichana wa chini ya miaka 20 walianza, kilomita 6, akashinda Linet Masai. Wakaja wavulana, kilomita 8, akashinda Asbel Kiprop, mrefu kama mnazi. Wote wawili wetu, wote wawili miaka 17. Uwanja ulilipuka. Nakumbuka nilimwangalia yule Kiprop akipita nikajisemea huyu mtoto ana miaka 17 ni bingwa wa dunia, nami nina ishirini na mmoja nashika chenji ya mtu. Kwenye mbio za wanawake aliposhinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa huku aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi, kulitokea ubishi mfupi nyuma yangu iwapo anafaa kushangiliwa. Mama mmoja akaukata: "Shangilieni! Mtoto akiolewa mbali huwa si wenu tena?"

Wakati huo watu wafupi wa nyuma walikuwa wameanza kuutazama mkokoteni wangu kwa macho mengine. Mmoja akauliza kama anaweza kupanda. Nikamwambia shilingi kumi. Sikufikiri, mdomo ulijisemea. Akalipa. Akaja wa pili, wa tatu. Nikawashauri wapange magunia ya gambuti chini ya miguu ili wapate urefu zaidi. Biashara ikafunguka! Nikaanza kuona elfu tisa ya Halati kwa mbali, ikitikisika kwenye joto.

Hapa inabidi nieleze jambo la kiufundi. Mkokoteni una magurudumu mawili tu. Ukijaza mzigo nyuma, lazima kuwe na uzito mbele, la sivyo mikono yake hupaa juu kama ya mtu anayeomba dua. Uzito wangu wa mbele alikuwa ni hamali. Nilimkalisha juu ya mikono ya mkokoteni, amewapa mgongo wakimbiaji, nikamwambia asiinuke hata nyumba ikiungua. Nyuma kulikuwa na watu tisa, na mimi wa kumi, kwa sababu mbio za wanaume zilikuwa zimeanza na hata mwenye duka ana haki ya kuonja bidhaa yake.

Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 12, na zilikuwa na jina moja: Bekele. Tangu mwaka 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio fupi na mbio ndefu pia, zote mbili, kila mwaka. Mwaka huo mbio fupi zilikuwa zimeondolewa, kwa hiyo alibakiwa na moja tu ya kuchukua, na kila mtu alijua ni yake. Lakini duru kwa duru tuliona mambo hayaendi. Wakimbiaji wa nguvu kabisa walikuwa wakitoka njiani, mmoja baada ya mwingine, macho mekundu, midomo wazi. Si mlima, si matope, ni lile joto letu la kila siku, la nyuzi zaidi ya 30 na unyevu wa kukuvalia shati lililolowa. Wakimbiaji wa Kenya wenyewe, watoto wa Eldoret na Kapsabet, walikuwa wageni kama Wazungu tu. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mzee aliyerudia neno moja kila duru: "Malelezi. Malelezi." Nilitamani kumshusha.

Duru ya mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akamtangulia Bekele. Watu tisa wakapiga kelele masikioni mwangu. Halafu Bekele akasimama.

Najua alisimama kwa sababu dunia nzima inajua. Mimi sikuona. Mtu alipaza sauti, "Bekele ametoka! Bekele ametoka!" na hamali, ambaye alikuwa amekaa mchana kutwa akiwapa mgongo mabingwa wa dunia, akaruka juu ageuke kutazama.

Mikono ya mkokoteni ikapaa. Kitu cha mwisho nilichokiona kilikuwa anga, na bado halikuwa na wingu. Tulishuka watu kumi kwa pamoja, na nyuma yetu magunia yakafunguka, na gambuti za kijani zikatunyeshea, jozi arubaini. Ndiyo mvua pekee iliyonyesha Mombasa siku ile.

Niliangukia mwavuli wa mama mmoja, mama akaangukia madafu. Hakuna aliyeumia zaidi ya mwavuli. Watu wa karibu hata hawakugeuka, maana walikuwa wanashangilia. Kwa hiyo wakati bingwa wa miaka mitano anaacha mbio, nami nilikuwa chali chini ya gambuti, na umati mzima ukaturukia kwa furaha. Nilijihisi tumeshindwa pamoja, jua lile lile, dakika ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa amelala juu ya kifuu.

Nilimgeukia hamali. "Nilikwambia nini?"

Akajipangusa vumbi, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mimi nilikodiwa kusukuma. Sikukodiwa kukosa mbio."

Nilipomaliza kukusanya, watu walikuwa wameshagundua matumizi ya gambuti. Kijana mmoja alikuwa amezijaza maji mbili anawamwagia wenzake vichwani kwa zamu. Mwingine alikuwa ameweka moja kichwani kama kofia. Nilipohesabu nilipata jozi thelathini na saba, na gambuti tatu za mguu wa kushoto. Mpaka leo swali hili linaninyima usingizi: nani alikwenda kwenye mashindano ya dunia akarudi nyumbani na gambuti tatu za kulia?

Hesabu ya siku ilikuwa hivi: mauzo ya gambuti, sifuri. Ukodishaji wa mkokoteni, shilingi mia tatu na arubaini. Hamali, mia tatu. Mwavuli wa mama, mia mbili na hamsini, baada ya kulia sana. Muuza madafu hakunidai, alinishika bega akasema Mwenyezi Mungu atanipa jingine, akaenda zake na mkokoteni mtupu na mifuko imevimba. Hamali alinirudisha Kongowea bila kunisemesha, ila pale juu ya daraja aliposimama kupumzika, akacheka peke yake, akaendelea.

Jumapili asubuhi, kabla ya chai, Halati alikuwa ameketi barazani ananisubiri. Mjomba naye alikuwepo, kidole juu.

Masika ilipokuja kweli, gambuti zilianza kutoka moja moja. Mbili kwa wauza samaki, nne kwa mafundi wa kuzibua mitaro, moja kwa mwalimu. Lakini wengi walitaka kwa bei ya udongo, na wengine walitaka kwa deni, na mwenye deni hawezi kuuza kwa deni. Zile tatu za kushoto Halati alizijaza mchanga na samadi akapanda mrehani, akazipanga barazani ambapo kila mgeni lazima aulize.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi tena, mashindano yalikuwa Edinburgh, Scotland. Bekele alirudi na akashinda, akachukua taji lake kama aliyesahau tu mahali alipoliweka. Halati alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua mchicha. Alimsikiliza mtangazaji mpaka mwisho.

"Huyo si ndiye mwenzako?"

"Ndiye, Halati."

"Yeye yake amesharudisha. Wewe elfu zangu sita zarudi lini?"

Sikuweza kumjibu. Kamera ilikuwa imewageukia watazamaji, wamevaa makoti na kofia za sufi, wanapuliza mikono. Na pembeni, wallahi, palikuwa na Mzungu mmoja amevaa gambuti. Za kijani.