Bweni la Kasapa au chumba cha kupanga?

Mzazi wa Kolwezi au Kamina mwenye mtoto aliyepokelewa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakosi ndugu wa mjini wa kumwonya: usimwache alale Kasapa, kampasi ya chuo yenye mabweni, utampoteza. Kule ni msongamano, vyoo vibovu, wizi na pombe.

Mengi kati ya hayo ni kweli. Chumba cha wachache hulaza wengi, maana kila mwenye kitanda ana makizari wake, yule asiye na jina kwenye orodha ya chuo lakini ana godoro chini. Maji yakikatika, ni kupanda ngazi na bidoni. Resho, yaani majiko ya umeme, kadhaa kwenye waya mmoja zinaweza kuunguza jengo. Tena wazee hawajasahau usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa vyumbani mwao kwenye kampasi hiyo, na idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. Hofu ya namna hiyo haichekwi.

Lakini waonyaji hawa hawaigusi garanti, pesa ya dhamana anayodai mwenye nyumba kabla mpangaji hajaingia. Sheria ya Kongo ya 31 Desemba 2015 inataka garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Wako wenye nyumba wanaodai sita bila kupepesa macho, na mzazi aliyetoka mbali, mizigo ikiwa bado kwa jamaa, atabishana nao saa ngapi? Tuseme chumba ni dola 40 kwa mwezi. Kwa sheria, atatoa 120 za garanti na 40 za mwezi wa kwanza: 160. Kwa mwenye miezi sita ni 280, na hapo hajanunua godoro wala mkaa, na ada ya chuo inamngoja. Garanti hurudishwa siku ya kuhama, ndivyo isemavyo karatasi. Waliowahi kupanga mjini wanajua ugomvi wa rangi ya ukuta na kufuli bovu. Akikimbilia kodi nafuu ya mitaa ya Katuba au Ruashi, nauli ya taksi-basi itamla kila siku, kwenda na kurudi.

Bwenini pesa hiyo inageuka kuwa bukari, yaani ugali, na silabusi, vile vijitabu vya masomo. Silabusi moja husomwa na wanne, na wa mwaka wa tatu humweleza mgeni profesa fulani huuliza nini kwenye mtihani. Hata makizari anayelalamikiwa ni mtoto wa mtu aliyeshindwa garanti. Bila lile godoro angekuwa amerudi kwao.

Mwenye shangazi karibu na barabara ya Kasapa, shangazi mwenyewe akiwa radhi, akae huko. Kwa binti, mzazi aende kwanza akaone mlango unafungwaje, maji yanatoka wapi na taa za njiani zinawaka au la. Ila mtoto wa Kamina asiye na ndugu mjini, mimi ningempeleka bwenini, na kufuli lake mkononi.