Saksafoni ya Mzee Ilivyonivua Nguo Harusini

Jamani saksafoni za zamani zina kiburi. Hii ninayoisema ni tenori, yaani ile ya sauti nzito kidogo, modeli ya Selmer Mark VI, zile Wafaransa walianza kuzitoa 1954, na mwenyewe ni mzee mmoja aliyepulizia bendi yake tangu ana nywele mpaka sasa hana. Ile rangi ya dhahabu imebaki kwa kubahatisha, pale gumba linapokaa imelika yote shaba iko nje. Ukimuuliza historia ya chombo chake hakikisha huna miadi.

Sasa nina shoo ya harusi, yangu iko kwa fundi, mzee akaniazima. Nafungua kasha, naona shingoni pale kwenye funguo ya oktava, ile ya kurusha sauti juu, kumezungushwa rababendi. Rababendi kabisa, ya kufungia noti za hela! Nikamwambia mzee wangu hii vipi, akasema springi ilichoka zamani, hiyo ndo inabana kifuniko, usiiguse kijana, imerekodi albamu zote hiyo.

Nikacheka. Kosa. Akanishushia Charlie Parker, yule gwiji wa saksafoni ya jazi wa Marekani, eti 1953 pale ukumbi wa Massey Hall, Toronto, Parker alipanda na saksafoni ya plastiki aina ya Grafton, watu wakaduwaa, na plastiki hiyohiyo 1994 ikapigwa mnada London kwa zaidi ya pauni 93,000, leo iko makumbusho Kansas City. "Plastiki, kijana! Sasa we unacheka rababendi?" Nikabeba kasha nikaondoka.

Harusini mambo yakaenda poa mpaka maharusi wanaingia kucheza, taa zimefifishwa, wimbo wa taratibu, mimi nimefumba macho nashuka zile noti za chini kabisa, mara nasikia TAP! Rababendi imekatika, imeruka, imempiga MC shavuni. Na kile kitundu cha shingoni kikibaki wazi noti zinakurukia oktava nzima juu, kwa hiyo kutoka kwenye mahaba nikahamia ghafla kwenye mlio wa bata aliyekanyagwa, nakaza midomo ndo kwanza inazidi, bwana harusi kamwacha mkono mwenzie anatafuta kinacholia. MC, mkono shavuni, akatangaza "Hiyo inaitwa jazi wapendwa, makofi tafadhali!" Wakapiga kweli. Watu wa harusini wanapigia makofi chochote.

Mimi sina habari na makofi, namwangalia mzee, alikuwa mwalikwa na amekaa meza ya mbele. Simwoni. Kiti kitupu. Kumbe yuko chini, kapiga magoti na suti yake, tochi ya simu imewaka, anapita katikati ya miguu ya watu, mama mmoja kapiga yowe. Akaibuka meza ya tatu na kimpira chake mkononi, akakifuta kwenye suruali, akapiga fundo, akapanda jukwaani, akakirudisha shingoni huku mdomo wangu uko palepale kwenye chombo, akaninong'oneza: "Endelea."

Nikaendelea. Na ilitoka sauti tamu sijui niseme nini.

Kesho yake narudisha saksafoni nikambebea pakiti nzima ya rababendi mpya, rangi zote. Mzee akatoa moja, akaivuta, akainusa, akanirudishia pakiti.

"Hizi hazijui hata wimbo mmoja."