Mpira Ukigusa Mguu, Lazima Filimbi Ilie?

Viwanja vingi vya shule nchini Kenya bado ni vya nyasi, na kwenye nyasi mpira wa magongo hudunda ovyo. Ukigonga kiatu cha beki tu, nusu ya uwanja inapaza sauti: "Mguu!" Mwamuzi anapuliza. Je, amefanya sawa?

Wanaoshikilia kwamba mguu ni mguu wana hoja nzito. Mechi ina waamuzi wawili, kila mmoja na upande wake. Mmoja akipuliza kila mguso na mwenzake akiachilia, kocha atalalamikia upendeleo, na malalamiko yake yatakuwa na msingi.

Lakini kanuni za shirikisho la kimataifa, FIH, haziendi mbali kiasi hicho. Mpira kugonga mguu ni kosa pale mchezaji anaponufaika, au alipojiweka makusudi auzuie kwa mwili. Tena adhabu hutolewa tu ikiwa kosa limemkwaza mpinzani. Mshambuliaji aliyebaki na mpira, mbele yake kweupe, ukimsimamisha umpe frii-hiti (pigo huru) umemnyima shambulizi na kumpa beki muda wa kurudi. Kwa hiyo katikati ya uwanja nasimama na wanaosubiri: hesabu moja, tazama nani ana mpira, ndipo uamue.

Ndani ya duara, eneo la kufungia mbele ya goli, subira hiyo ina mipaka. Mguu wa beki ukizima pasi, hata bila kukusudia, amenufaika, na hiyo ni kona ya penalti (pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli) isipokuwa mshambuliaji bado ana nafasi nzuri ya kufunga.

Penye hatari, subira haina nafasi kabisa. Mpira huu ni mgumu, una gramu 156 hadi 163. Kwenye kona ya penalti, beki aliye ndani ya mita 5 kutoka kwa mpigaji akipigwa na shuti la kwanza chini ya goti, ni kona nyingine. Akipigwa gotini au juu yake, huku amesimama kawaida, shuti ni hatari na frii-hiti ni ya mabeki. Nimeona kona ikirudiwa huku kijana ameinama, ameshika paja. Uamuzi wa aina hiyo unawafundisha washambuliaji kulenga miili ya watu.

Lile suala la waamuzi wawili kutofautiana linatatulika kabla ya mechi. Kubalianeni mguu upi mtauachilia, kisha waambieni manahodha wote wawili wakati wa kurusha shilingi. Atakayeendelea kupigia kelele kila mguu baada ya hapo, kadi ya kijani ipo: dakika 2 nje.