Gesi ya Msimbati haiingii kwenye mtungi wako

Swali ninalolisikia sana huku Mtwara, sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa, ni hili: "Gesi inatoka hapo Msimbati, mbona mtungi unatushinda bei?" Anayeuliza huchekwa na wanaojiona wasomi. Mimi simcheki. Kosa si lake, ni la neno.

Neno lenyewe, gas, alilibuni Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa Flanders aliyefariki mwaka 1644. Alitaka jina la kile kisichoshikika kinachotoka mkaa ukiungua, akalichonga kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya vurugu. Vurugu haijatoka humo mpaka leo. Mmarekani akisema gas anataka petroli ya gari; anachokanyaga dereva wake ni gas, wa kwetu anakanyaga mafuta. Mwingereza anazungumzia jiko. Wakikaa wawili hao kupiga porojo, porojo nazo ni gas. Ireland, mtu wa vichekesho ni gas. Kwa daktari wa meno ni ya kukutuliza. Kwa askari wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa klorini iliyowakaba makoo ndani ya mahandaki. Na aliyekula maharage jana anajua yake.

Kiingereza kinaweza kuishi na fujo hiyo. Sisi tumelipokea neno, tumelivika irabu, na huku kwetu limegusa mfuko wa mtu.

Kinachochimbwa Mnazi Bay, ghuba ya huko Msimbati, ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani. Husafishwa kwenye mtambo wa Madimba, ikaingia kwenye bomba la zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015, na kazi yake kubwa ni kufua umeme na kuendesha viwanda. Kilichomo mtungini ni kitu kingine, propani na butani, na kinaingia nchini kwa meli. Hizo mbili zikibanwa kidogo tu huwa kimiminika, ndiyo maana zinatulia kwenye mtungi wa kilo 6 ambao bodaboda anaupakia bila wasiwasi. Methani haina unyenyekevu huo. Inataka bomba mpaka jikoni, au mitungi minene ya shinikizo kubwa kama ile ya magari.

Kwa hiyo ya Msimbati inapanda kaskazini kwa bomba, na ya kupikia inateremka kusini kwa lori. Zipo nyumba hapa Mtwara zilizovutiwa bomba, na hao kweli wanapikia gesi ya nyumbani. Sisi wengine tunalipia safari ya baharini.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipolipinga bomba hilo wakisema gesi haitoki, madai yalikuwa mapana kuliko jiko: ajira, viwanda, heshima ya mkoa. Sitaki kuyapunguza. Ila nafsi yangu inaniambia kwamba wengi walikuwa wameliweka na jiko humo humo, kwa sababu hakuna aliyewatenganishia.

Nishaambiwa kwamba mwananchi hahitaji kemia. Sawa, lakini majina anayahitaji, na Kiswahili kinayo tayari: gesi asilia, gesi ya mitungi. Yanapotea tu mdomoni mwa kiongozi akishika kipaza sauti, na mwandishi naye anaandika alivyosikia. Asubuhi mitungi inagawiwa kwa jina la nishati safi, jioni bomba linasifiwa, na vyote ni "gesi".

Ninaloliwazia zaidi ni Likong'o, kule Lindi. Mradi unaozungumzwa pale ni wa kuipoza gesi asilia hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake upungue mara 600 hivi, kisha ipakiwe melini kwenda kuuzwa nje. Vifupisho vya Kiingereza vya gesi hiyo na ile ya mtungini vinatofautiana herufi moja tu, LNG na LPG. Mikutano ya vijiji itakapoitishwa, mtu asimame aseme kwa Kiswahili, kabla hajataja hata shilingi moja, kwamba kiwanda hicho hakijazi mitungi.