Ripoti ya SGR imfikie na abiria

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2023/24 ilipowekwa hadharani Aprili 2025, habari moja ilisambaa haraka kuliko nyingine: Shirika la Reli Tanzania (TRC) limepata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 200, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Wasioitaka SGR, reli mpya ya kisasa ya treni za umeme, wakapata pa kusemea. Wanaoipenda wakakunja uso na kutafuta la kujibu. Wachache sana walitazama tarehe. Mwaka huo wa hesabu ulifungwa Juni 30, 2024, na treni ya kwanza ya abiria ya SGR iliondoka Dar es Salaam kwenda Morogoro Juni 14. Dodoma ilikuwa haijafikiwa bado. Safari zake zilianza Julai 25. Kwa hiyo watu waligombana wiki nzima kuhusu faida na hasara za treni ya umeme kwa kutumia hesabu ambazo treni hiyo ilimo kwa siku chache tu za mwisho.

Hilo lilinikera, na kosa silipeleki kwa wananchi. Mtu hujadili alichonacho mkononi. Kwa mwananchi wa kawaida, habari za reli huja kwa njia mbili: sherehe ya uzinduzi na hoja ya ukaguzi. Ya kwanza ni sifa tupu na ya pili ni dosari tupu, na kazi ya kila siku ya reli iko katikati. Ninachodai ni ripoti ya kila mwaka ya shirika lenyewe kuhusu uendelevu (mazingira na jamii) na utawala, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikimlenga anayekata tiketi ya shilingi 31,000 kwenda Dodoma na anayeishi kando ya uzio wa reli.

Si kwamba taarifa haziandikwi. Zinaandikwa sana. Februari 2020 Serikali ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioandaliwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya vipande vya Dar es Salaam hadi Makutupora, kwa dhamana za taasisi za mikopo ya mauzo ya nje za Denmark na Sweden. Wakopeshaji wa namna hiyo hawatoi fedha bila kuona tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo iliidhinisha dola milioni 696 kwa Tanzania na Burundi kwa ajili ya reli ya kwenda Kigoma na ile ya kutoka Uvinza hadi Musongati, na hapo pia kuna masharti ya mazingira na mpango wa kuwahamisha watu. Kwa hiyo mtu wa benki aliye Abidjan au London anaweza kufungua kabrasha na kusoma kitongoji kipi cha Uvinza kitapitiwa na njia. Mwenye kitongoji anamsubiri mtendaji wa kijiji amweleze. Deni ni letu, tutalilipa sisi na watoto wetu, halafu maelezo yake yanasafiri kwenda kwa wengine.

Nianze na lile linalosemwa zaidi, kwamba treni ya umeme haina moshi. Ni kweli, ukisimama jukwaani Stesheni ya Magufuli hunusi dizeli, na kwa aliyezoea vichwa vya reli ya zamani hiyo ni neema kubwa. Ila umeme unatoka gridi ya Taifa, na gridi ya Taifa ni maji pamoja na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, limebadilisha sana hesabu hiyo tangu mtambo wa kwanza uwashwe mwaka 2024. Hata hivyo mvua zikichelewa, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ndiyo inayobeba mzigo. Ripoti ya kweli ingesema mwaka huu treni zetu zimetumia uniti ngapi za umeme, gridi ilikuwa na mchanganyiko gani, na hewa ya ukaa kwa kila abiria kwa kila kilomita ni kiasi gani ukilinganisha na basi. Nina imani treni itashinda. Ndiyo maana sioni sababu ya kuishia kwenye maneno “rafiki wa mazingira” pale namba zenyewe zingelisifu shirika.

Na hapa wenzetu wa Ujerumani wana funzo la pande mbili. Shirika lao la reli, Deutsche Bahn, linatangaza kwamba tangu 2018 treni zake za masafa marefu zinaendeshwa kwa umeme wa nishati jadidifu kwa asilimia 100, na likapaka mstari wa kijani kwenye treni zake za kasi za ICE. Lakini mwaka 2020 mtambo mpya wa makaa ya mawe wa Datteln 4 uliwashwa, na sehemu ya umeme wake inakwenda kwenye nyaya za reli hiyo hiyo. Namna ya kupatanisha mambo hayo mawili ni ya kihasibu: umeme safi unaandikwa kwa treni za masafa marefu, mchafu unabaki kwa wengine. Wanamazingira wa huko walilijua hilo na kulipigia kelele kwa sababu takwimu za vyanzo vya umeme wa reli huchapishwa kila mwaka. Kwetu, mtu akitaka kubisha hana hata pa kuanzia.

Tuje kwa bundi na ngedere. Katika wiki za mwanzo za safari za Dodoma, mwaka 2024, treni ilikwama kwa hitilafu ya umeme, na shirika likaeleza kwamba wanyama hao waligusa miundombinu ya umeme. Mitandao ikacheka hadi ikachoka. Mimi nililichukulia kwa uzito, na bado naona ile ilikuwa miongoni mwa taarifa muhimu zaidi kuwahi kutolewa kuhusu reli ile. Reli inapita kwenye misitu na mabonde yenye wanyama, nyaya zake zina kilovolti 25, na ngedere hajui kusoma kibao cha hatari. Hili ni suala la bayoanuwai na la uhakika wa safari kwa wakati mmoja. Lilihitaji kufuatiliwa: ni maeneo gani wanyama wanapanda nguzo, vizuizi gani vimefungwa na kwa gharama gani, wanyama wangapi wamekufa mwaka jana na mwaka huu, treni ngapi zimechelewa kwa sababu hiyo. Ukurasa mmoja tu wa namna hiyo, ukitolewa miaka mitatu mfululizo, ungemaliza kicheko chote. Badala yake jambo likabaki kuwa kichekesho cha wiki moja, na abiria aliyekaa gizani behewani akabaki na dhana yake.

Uhai wenyewe wa njia ni jambo ambalo ningetaka litengewe sura nzima. Ukitoka Kilosa kwenda Dodoma, kaa dirishani. Treni inaingia kwenye mahandaki, inatoka, inavuka madaraja marefu juu ya bonde la Mkondoa, na chini yake unaona mto uliojaa mchanga, kingo zilizolika, miti iliyolalia upande mmoja kuonyesha maji yalikopita. Hapo ndipo reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, imekuwa ikikatwa na mafuriko mara kwa mara. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliisomba vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria za bara zikasimama kwa miezi. Kila aliyekuwa na ndugu Tabora au Kigoma anakumbuka shida ya kipindi kile. Baada ya ukarabati, masika mengine yakaja na maji yakarudi.

SGR imeinuliwa juu zaidi na imejengwa kwa hesabu mpya za maji. Vizuri. Lakini mchanga unaojaa Mkondoa unatoka milimani, kwenye mashamba na malisho yaliyo mbali na uzio wa reli, na milima ikiendelea kuvuliwa miti, makalvati yatazibwa hata yakiwa mapana namna gani. Viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023 na kupokelewa na Bodi yetu ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), vinadai jambo hili hili: kampuni ieleze ni mali gani ziko hatarini kwa mabadiliko ya tabianchi na imejipangaje. Picha za viongozi wakipanda miche siku ya mazingira hazijibu swali hilo. Jibu ni kujua kilomita ngapi za njia ziko kwenye mkondo wa mafuriko, na shirika linafanya nini na halmashauri za Kilosa na Mpwapwa kuhusu vyanzo vya maji vya juu.

Halafu fidia. Sheria zetu ziko wazi: fidia ya ardhi inatakiwa ilipwe upesi, na ikipita miezi 6 mlipaji anadaiwa riba. Kipimo kipo tayari, hakihitaji mshauri kutoka nje. Ni watu wangapi walifanyiwa uthamini mwaka huu? Wangapi wamelipwa ndani ya miezi 6? Waliocheleweshewa wamepewa riba? Malalamiko mangapi yamefunguliwa, mangapi yamefungwa, na mangapi yamefungwa kwa mlalamikaji kuridhika? Nimezungumza na wazee ambao nyumba zao zilikuwa kwenye mapito ya miradi mbalimbali nchini, na wengi hawalilii kiasi walichopewa. Wanalilia kutojua. Mtu amewekewa alama ya X ukutani, haambiwi kama abomoe, apake rangi au apande mahindi msimu huu. Makaburi ya wazazi yamehesabiwa na watu wenye daftari, kisha kimya. Meza moja ya takwimu za kila wilaya, ikibandikwa kwenye ofisi ya kata, ingewaondolea mzigo mkubwa.

Kwenye utawala nitasema kifupi, maana CAG amekwisha kusema kwa urefu. Katika ripoti aliyokabidhi Machi 2023 alihoji makandarasi wa baadhi ya vipande kupatikana bila ushindani. Shirika linaweza kuwa na sababu zake. Basi izieleze ripoti yake, ikitaja mkandarasi, thamani ya mkataba, nyongeza zilizofanywa baada ya kusaini, na wajumbe wa bodi walioidhinisha. Majirani zetu wa Kenya walibishana kwa miaka kuhusu mkataba wa mkopo wa SGR yao ambao hakuna raia aliyeuona, hadi Novemba 2022 Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen alipoweka wazi sehemu ya nyaraka. Uvumi wa miaka ile yote uliumiza reli yao kuliko maneno yaliyokuwemo kwenye karatasi.

Watakaosema ripoti ya namna hii itawapa wapinzani silaha, nawaelewa. Nawaomba watazame tena Ujerumani. Deutsche Bahn ilitangaza kwamba mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu. Ni namba ya aibu kwa nchi ile, na bado ilichapishwa, wabunge wakaishika, magazeti yakaichambua. Wachambuzi wakaonyesha pia kwamba treni huhesabiwa imewahi hata ikichelewa karibu dakika 6, na kwamba treni iliyofutwa kabisa haiingii kwenye hesabu. Yaani kipimo chenyewe kilikuwa na mwanya, na mwanya ukaonekana kwa sababu maelezo ya kipimo yalikuwa wazi kwa kila mtu.

Sisi tuna nafasi ya kuanza vizuri zaidi, kwa sababu reli yetu ni changa na rekodi ni chache. Shirika liamue sasa, na litangaze, kuchelewa ni dakika ngapi kwa treni ya Dar–Dodoma. Iliyofutwa ihesabiwe imechelewa. Iliyokwama njiani iandikwe na sababu yake: umeme wa gridi, nyaya kuibwa, mnyama, mitambo, mafuriko. Ripoti ya kwanza itakuwa na kurasa chungu, na iwe hivyo. Itoke mapema baada ya Juni 30, kabla ya hoja za CAG, ili Machi ikifika mjadala uwe na pande mbili za karatasi. Nakala ziwepo kila stesheni, Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa, hadi Dodoma, na reli ya zamani nayo ipewe kurasa zake, kwa sababu abiria wa Tabora na Kigoma bado anaipanda hiyo na ndiye aliyevumilia zaidi.